Unga, kinga na panga: vurugu za dawa za kulevya Mombasa zinatoka wapi, na zitazimwa vipi

Tarehe 29 Agosti 2014, jeshi la wanamaji la Kenya liliilipua meli ya Al Noor baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Meli hiyo ilikuwa imekamatwa mwezi wa Julai, na katika tangi lake la dizeli wapelelezi walitoa heroini ya zaidi ya kilo 300. Picha za moto na moshi juu ya maji ya buluu zilizunguka nchi nzima. Tulizitazama tukiwa barazani, na taarifa ya habari haijaisha, kijana anayeuza kete, vile vipakiti vya heroini, mtaani kwetu alipita mbele yetu akielekea maskani yake, hana wasiwasi wowote. Meli iliteketea. Kazi yake haikusimama hata siku moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali ambalo wageni huniuliza na wenyeji hawaulizi. Mji huu unapitisha heroini kwa miaka zaidi ya thelathini. Mbona hauna vita vya karteli kama miji ya Mexico? Mbona hatuamki na kukuta maiti zimening'inizwa kwenye daraja la Nyali?

Wengi hujibu kwamba sisi ni watu wapole, au kwamba biashara ya hapa ni ndogo. Yote mawili si kweli. Jibu liko kwenye neno moja ambalo wauzaji wenyewe wanalijua vizuri, nalo ni kinga, yaani ulinzi unaonunuliwa kwa hongo. Ukitaka kujua kwa nini damu inamwagika katika mji wa mpakani au wa bandari, usianze na bunduki. Uliza nani anauza kinga, anamwuzia nani, na siku kinga hiyo ikivunjika kutatokea nini.

Kwanza njia yenyewe. Kasumba inalimwa Afghanistan, inapikwa kuwa heroini, kisha inashushwa hadi pwani ya Makran, ile inayokatwa na mpaka wa Iran na Pakistan. Kutoka hapo kuna njia ya nchi kavu inayopita Iran, Uturuki na nchi za Balkani kuelekea Ulaya. Njia hiyo ilipozidi kubanwa, mzigo mwingi ukahamia baharini, ukashuka kusini na upepo wa kaskazi mpaka upande wetu. Majahazi hayaingii bandarini. Husimama mbali, kwenye maji ya kimataifa, na mashua ndogo huenda kupokea usiku. Anayeijua pwani hii kuanzia Kiunga hadi Vanga anajua ina vijia na mikoko mingapi, na askari wangapi wa kuilinda.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililisimamisha jahazi moja upande wa mashariki wa Mombasa na kukuta heroini kilo 1,032. Tani nzima na ziada, kwenye chombo kimoja! Mzigo ulimwagwa baharini. Mabaharia je? Mara nyingi manowari za kigeni zinazokamata majahazi kwenye maji ya kimataifa hazina mamlaka ya kumshtaki mtu. Huharibu dawa, kisha huwaacha watu waende zao. Hapa pana jambo linaloniuma kila ninapolikumbuka. Miaka hiyo hiyo, maharamia wa Kisomali waliokamatwa na manowari za kigeni waliletwa Mombasa na kushtakiwa, na mwaka 2010 mahakama yenye ulinzi mkali ilifunguliwa Shimo la Tewa kwa kesi kama hizo. Dunia ilipotaka baharia ashtakiwe, mikataba ilitiwa saini, jengo likapatikana, mahakimu wakapatikana. Kwa majahazi ya unga, yaani heroini, hima hiyo haikuonekana.

Mzigo unaofika pwani hauji kwa ajili yetu. Mombasa ni kituo tu. Sehemu kubwa husafirishwa tena, kwa barabara kuelekea kusini mwa Afrika, kwa ndege, au ndani ya kontena za bidhaa halali kuelekea Ulaya. Ila kituo hakibaki safi. Mwenye mashua, mchukuzi, mwenye ghala na kijana wa kuangalia njia wote wanatakiwa kulipwa, na tajiri akiona ni nafuu kuwalipa kwa mali badala ya fedha, wao wanalazimika kuitafutia wanunuzi mali hiyo papa hapa. Hivyo ndivyo mji wa kupitishia unavyogeuka kuwa mji wa kuvutia unga. Miaka ya themanini iliingia brown sugar, heroini ya kahawia ya kuvutwa. Baadaye ikaja nyeupe, watu wakaanza kujidunga. Leo hakuna mtaa wa Mombasa ambao hauna mama anayejua maana ya arosto, yale maumivu ya mtumiaji aliyekosa dawa.

Jirani yangu mmoja anapika viazi karai. Jioni akishamaliza kuuza, mtungi wa gesi huuburura hadi chumbani na kuufungia kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Mwanawe wa pili anatumia unga. Siku moja nilimuuliza kama hupata usingizi kijana akichelewa kurudi. Akaniambia, "Asiporudi nalala, mwanangu. Akirudi ndiyo nakesha." Tuseme kete moja ni shilingi 200, na nguvu za heroini huisha baada ya saa nne hadi sita, kwa hiyo mtu anahitaji tatu au nne kwa siku ili tu asiugue. Hiyo ni zaidi ya wanachopata vibarua wengi wa mji huu kwa siku nzima, na wengi wa mateja hawana kibarua. Tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye mtungi wa gesi, simu ya abiria, nyaya za umeme na vifuniko vya mitaro. Huu ni ukatili wa kwanza wa biashara hii, na hauna jina kwenye takwimu za polisi.

Sasa turudi kwenye kinga. Inafaa tuangalie miji miwili iliyolipuka.

Ciudad Juárez iko Mexico, ikitazamana na El Paso ya Marekani, mto tu katikati. Kwa miongo mingi dawa zilipita hapo bila vita vikubwa. Mexico ilitawaliwa na chama kimoja, na mlanguzi alijua nani wa kumlipa. Kamanda wa polisi, gavana na mwanasiasa walikuwa kwenye mnyororo mmoja. Rushwa ilikuwa mbaya sana, lakini ilikuwa na mwenyewe. Chama hicho kilipopoteza mamlaka, kwanza majimboni na kisha urais mwaka 2000, mnyororo ulikatika. Polisi wa mji waliweza kuwa na upande huu huku wale wa serikali kuu wakiwa upande ule. Karteli ya Sinaloa iliutaka mpaka uliokuwa wa karteli ya Juárez. Rais Felipe Calderón, aliyetangaza vita mwishoni mwa 2006, alimwaga maelfu ya wanajeshi mjini. Kila kiongozi wa genge aliyekamatwa aliacha kiti kitupu, na kiti kitupu kiligombewa kwa risasi. Mwaka 2010 peke yake zaidi ya watu 3,000 waliuawa, katika mji wa watu milioni moja na laki tatu hivi. Ng'ambo ya mto, El Paso ilikuwa miongoni mwa miji salama zaidi ya Marekani. Watu wale wale, dawa zile zile. Kilichotofautiana ni dola, yaani serikali na vyombo vyake.

Januari 2010 watu wenye silaha waliingia kwenye sherehe ya vijana katika mtaa wa Villas de Salvárcar wakaua watu 15, wengi wao wanafunzi. Rais akadokeza kwamba huenda ulikuwa ugomvi wa magenge. Alipokwenda Juárez, mama mmoja aliyepoteza wanawe wawili, hao ndio aliokuwa nao, alisimama mbele yake na kumwambia kwamba hawezi kumkaribisha. Baada ya hapo ndipo serikali ikaanza kuleta shule, zahanati na viwanja vya michezo pamoja na askari, na wakazi wakapewa meza ya kukaa na wakuu wa usalama kuwahoji kwa majina na kwa tarehe. Kufikia 2015 mauaji yalikuwa yameshuka hadi kama 300 kwa mwaka. Nisidanganye: sehemu ya utulivu huo ilitokana na Sinaloa kushinda vita. Miaka michache baadaye mauaji yalipanda tena na kuvuka elfu moja.

Mji wa pili ni Guayaquil, Ecuador, na huu ndio unaonitia hofu zaidi, maana ni bandari kama yetu. Ecuador hailimi koka kwa wingi. Imekaa katikati ya Kolombia na Peru, inasafirisha ndizi kwa kontena kwenda Ulaya, na ilijulikana kwa amani. Kisha genge kubwa lililoshikilia ulinzi wa njia, Los Choneros, lilipoteza kiongozi wake aliyeuawa Desemba 2020, nalo likapasuka vipande. Septemba 2021 zaidi ya wafungwa 100 waliuawa ndani ya gereza moja la Guayaquil. Kiwango cha mauaji nchini, kilichokuwa kama watu sita kwa kila laki moja mwaka 2018, kilipita 40 mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo mwendesha mashtaka mkuu akawakamata majaji, waendesha mashtaka na maofisa wa polisi katika kesi moja, kwa tuhuma za kumtumikia mlanguzi. Nchi ikagundua kwamba kinga ilikuwa ikiuzwa hadi mahakamani.

Hapo ndipo ninapoiona Mombasa.

Kwa miaka mingi, jina lililotajwa mjini kwa sauti ya chini lilikuwa Akasha. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwezi wa Mei mwaka 2000. Mwanawe Kamaldin aliuawa Mombasa mwaka 2002. Wengine wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014 baada ya watu waliotumwa na idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya kujifanya wanunuzi na kupewa kilo 99 za heroini na kilo mbili za methamfetamini. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilizunguka katika mahakama za Mombasa kwa zaidi ya miaka miwili. Mwishowe, Januari 2017, waliondolewa nchini. Huko New York, mwaka 2018, walikiri makosa. Makosa ya kuingiza dawa na kumiliki silaha nzito hayakumshangaza mtu hapa. Kosa lililonifanya nisome habari ile mara mbili ni la kuzuia haki: walikiri kwamba waliwahonga maofisa wa Kenya ili kesi isitembee. Baktash alihukumiwa miaka 25, Ibrahim miaka 23.

Lifikirie hilo taratibu. Miaka miwili ile tuliyokuwa tukisikia kesi imeahirishwa, wakili hayupo, faili halijafika, ilikuwa imenunuliwa. Sisi tuliosoma magazeti tulidhani ni uzembe. Kumbe ilikuwa bidhaa, na mnunuzi alikuwa nayo fedha. Na kwa sababu mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja au wachache, na wauzaji wa kinga walijulikana, hapakuwa na haja ya vita vya barabarani. Ukimya wa Mombasa ulikuwa risiti ya malipo.

Kabla ya hapo, Desemba 2010, waziri wa usalama wa ndani, George Saitoti, alisoma bungeni majina ya wabunge waliokuwa wakichunguzwa. Polisi wakasema hawakupata ushahidi, na mjadala ukafa. Sisemi waliotajwa walikuwa na hatia. Ninachosema ni kwamba kesi kubwa ya Mombasa iliyofika mwisho ilifikia mwisho wake mbele ya jaji wa Manhattan, kwa ushahidi uliokusanywa na wageni. Taifa lisiloweza kumaliza kesi zake haliwezi kujua nani hana hatia.

Baada ya familia moja kuondolewa, unga haukuondoka. Waliobaki ni wengi na wadogo, na hakuna mmoja anayewatawala wote. Mtu aliyesoma habari za Juárez na Guayaquil anapaswa kushtuka hapo. Soko lenye bwana mmoja likivunjika, wanaogombea vipande huhitaji vijana wa kuwalinda. Na vijana tunao, tena wamekwisha kupangwa.

Mombasa haina karteli za kupigana kwa bunduki za rashasha. Ina magenge ya panga. Kisauni, Likoni na Mji wa Kale zimeyajua kwa majina: Wakali Kwanza, Wakali Wao, Gaza na mengineyo. Mwishoni mwa 2016 serikali ilichapisha orodha ya magenge 90 nchini na kuyapiga marufuku. Wengi wa wanachama ni watoto. Nasema watoto kwa maana yake kamili, wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, waliomeza bugizi, vidonge vya usingizi vinavyoondoa woga na kumbukumbu, kisha wakaingia mtaani kundi zima jioni, wakakata kila aliye mbele yao: mwenye duka, mpita njia, mama aliyebeba mtoto. Wakiondoka wanakuwa wameiba simu tano na kuacha watu kumi hospitalini. Asubuhi baadhi yao hawakumbuki.

Kuna anayesema hayo hayahusiani na unga. Yanahusiana, ila si kwa namna ya sinema. Genge la mtaa halimiliki heroini. Genge linamiliki kona. Muuzaji anahitaji kona tulivu, mwanasiasa anahitaji kelele wakati wa uchaguzi, na kijana anahitaji mtu wa kumwita jina. Siku za kampeni wanalipwa kwa fedha na vidonge. Kampeni zikiisha, mwajiri anarudi Nairobi na panga linabaki nyumbani kwetu.

Jibu la dola kwa miaka mingi limekuwa risasi. Mashirika ya haki za binadamu ya hapa Pwani, HAKI Africa na MUHURI, yameorodhesha vijana waliouawa au kupotezwa, wengine kwa jina la ugaidi, wengine kwa jina la uhalifu. Nimesikia watu wazima, wacha Mungu, wakishangilia kijana wa genge akiuawa. Nawaelewa, maana nimemwona mtu aliyekatwa panga. Lakini tuliangalie jambo lenyewe linavyofanya kazi. Kijana aliyeuawa hakupanda kizimbani, hakumtaja aliyempa vidonge, hakumtaja aliyemlipa. Risasi hiyo imemsaidia nani? Imemlinda yule yule anayenunua kinga. Tena mtaa ukiona kwamba polisi huua, hakuna mama atakayekwenda kituoni kusema mwanawe ameanza kutembea na genge. Habari ambayo polisi wanaihitaji kuliko zote, ile ya mapema, inakauka.

Njia nyingine inayopendwa ni kukata unga ghafla. Tumekwisha kuijaribu bila kukusudia. Kati ya Desemba 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011, heroini iliadimika pwani yote. Mtu angetarajia nafuu. Kilichotokea ni maelfu ya watu kushikwa na arosto kwa wakati mmoja, wakitapika na kuharisha vibarazani, vituo vya kuwasaidia vikiwa havitoshi. Waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga ili kidogo kilichopo kiwatoshe, wengine wakachanganya vidonge vya kila aina. Mzigo uliporudi, soko lilikuwa pale pale, na sindano zimeongezeka, pamoja na virusi vya Ukimwi na homa ya ini vinavyosafiri na sindano. Nalikumbusha hili kwa sababu tunaweza kukabiliwa nalo tena. Taliban walipiga marufuku kilimo cha kasumba Aprili 2022, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulipima kushuka kwa asilimia 95. Akiba za zamani zimeendelea kulisha soko, lakini akiba huisha, na wafanyabiashara wa Makran wanajua pia kutengeneza methamfetamini, ambayo haihitaji shamba la maua. Desemba 2023 majirani zetu Tanzania walikamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini kwa pamoja. Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, iko mwendo wa saa mbili kutoka kivuko cha Likoni.

Kipi basi kinazima moto huu? Mimi ninaanzia mahali ambapo wengi humalizia, yaani kwa mgonjwa, na si kwa huruma peke yake. Kila kete isiyonunuliwa ni fedha isiyofika kwa muuzaji, na mnyororo wote wa kinga unalishwa na fedha hizo. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Haimlevyi aliyepimiwa vizuri. Inaondoa arosto kwa siku nzima, na mtu asiye na arosto haibi mtungi wa mamake. Kenya ilianza kuitoa Desemba 2014 Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na baadaye Kisauni, Kombani huko Kwale, na hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa. Wapo wanaodai kwamba ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Ningewaomba wasimame karibu na zahanati mojawapo alfajiri, watazame watu wanaokunywa dawa yao na kuwahi kazini, wachuuzi, makuli, wenye tuktuk. Mashirika kama Reach Out na MEWA yaliianza kazi ya kuwashika mkono watu hawa mjini kabla serikali haijakubali kwamba ni wagonjwa.

Udhaifu wa mpango huu tuliuona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Huduma nyingi za watumiaji wa dawa nchini zilikuwa zimeegemea fedha hizo, na baadhi ya vituo vya kuwapokea vilifunga milango. Kaunti inayopata mapato ya mji wa bandari, na taifa linalokusanya ushuru wa kila kontena, haviwezi kushindwa kulipia kikombe cha methadoni. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti ina tarehe ya kusomwa na vikao vya wananchi kutoa maoni. Twende tukaseme huko.

La kinga ni gumu zaidi, lakini halihitaji sheria mpya nyingi. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ipo tangu 2009, na kuna wakala wa serikali wa kurejesha mali za uhalifu. Bado Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa na FATF, kikosi cha kimataifa kinachoangalia fedha haramu. Kwa lugha ya baraza, maana yake ni kwamba tunawakamata wenye kete na hatuwafuati wenye ghorofa. Mlanguzi anaweza kuvumilia kupoteza jahazi, kwa sababu faida ya mawili yanayopita hulipa lile lililokamatwa. Akinyang'anywa jengo, hana cha kulipia wakili wala hakimu. Kesi nazo zihesabiwe hadharani: imeahirishwa mara ngapi, na nani, kwa sababu gani, kielelezo kiko wapi. Wakazi wa Juárez walipoketi mezani na wakuu wao, walidai hesabu. Ningependa kuona Mombasa mashekhe, maaskofu, wafanyabiashara na kina mama wa mitaa wakiidai meza hiyo, wakifungua faili moja moja ya kesi za unga kila mwezi.

Kuhusu vijana wa panga, mtaa wenyewe unawajua wachache wanaoongoza na wengi wanaofuata. Kuwakamata wote ni kuwapeleka gerezani wakafundishwe. Wale wachache washtakiwe haraka, kwa ushahidi, wasirudi mtaani kwa dhamana wiki hiyo hiyo kumtafuta shahidi. Wengi waliobaki wapewe mtu mzima mmoja wa kuwafuata kwa jina, na kitu cha kufanya saa kumi na moja jioni, saa ambayo genge hujikusanya. Na mwanasiasa anayewakodi ashtakiwe kabla ya kura, si baada.

Jirani yangu wa viazi karai, mwanawe aliandikishwa kwenye methadoni mwaka jana. Anakwenda kila siku, Jumapili na Idi pia, maana dawa hii haina likizo. Kutoka kwetu ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Siku ambazo viazi havikuuzika, nauli hukosekana, naye huondoka kabla ya adhana ya alfajiri ili atembee. Mara mbili amefika zahanati imefunga. Siku hizo mbili, mamake aliniambia, alilazimika kuutafuta tena ule mnyororo. Kwa hiyo sasa ana kopo dogo la mchuzi wa nyanya chini ya meza ya kuuzia, na fedha ya wateja watatu wa kwanza kila jioni huingia humo kabla ya kununua mafuta, kabla ya unga wa ngano wa kesho.